Rehema, Sabuni Yetu Bado Ni ya Ng'ombe

Rehema,

Salamu aleikum, na mulembe pia. Nakuamkia kwa zote mbili kama tulivyozoea. Wewe ulikuwa ukianza na mulembe ili unifurahishe, mimi nikianza na salamu aleikum ili nikufurahishe, tunagongana katikati ya njia ya miwa tunabaki kucheka.

Nimekaa nje ya jiko langu hapa Shianda. Watoto wako shule, mvua imenyesha ikapita, na sabuni ya jana iko ndani ya fremu inajikaza. Nimeona heri nikuandikie sasa. Kuna mambo yametokea tangu uondoke ambayo wewe ulistahili kuyasikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi bado nina ile tabia ya kuweka habari nikisema, hii nitamwambia Rehema. Sasa zimejaa kifuani na hazina pa kwenda.

Nianze na lililoniuma. Siku uliyofariki nilikuwa Lugari kwa mama, tukivuna mahindi. Mume wako, Baba Salim, alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama Brian, Rehema ametuacha." Akanieleza kwamba uliamka vizuri, ukachota maji, ukasema kichwa kinakugonga, ukakaa chini ukutani, na hukuinuka tena. Presha. Nilikimbia hadi stendi nikiwa na viatu vya shamba. Nilipofika Shianda jua lilikuwa bado liko juu, lakini wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakijipangusa udongo.

Kwenu Waislamu marehemu hakawii kuzikwa, najua, wewe mwenyewe ulinieleza. Kwetu mtu hulala mochari hata wiki mbili, watu wakafika, wakaimba, wakapita mmoja mmoja wakimtazama usoni. Sikumlaumu mtu. Lakini nilisimama katikati ya ua wako na mfuko wa maharagwe niliyokuletea kutoka Lugari, na sikujua niuweke wapi. Rehema, sikukuona. Hilo nililibeba kwa muda mrefu, mpaka mama mkwe wako, Kukhu Mwanaisha, aliponiambia jambo ambalo nitakuambia hapa chini.

Unakumbuka tulivyoanza? Hamisi wa bucha alikuwa akiwatupia mbwa mafuta ya ng'ombe kila jioni, mapande kwa mapande. Wewe ulisimama pale na nyama yako ya robo mkononi, ukatazama, ukaniambia, "Mlugari, mbwa wa Shianda wananawiri kuliko watoto wetu." Mlugari ndilo jina ulilonipa tangu nilipoolewa hapa. Siku iyo hiyo ukaomba mafuta yale, tukayabeba kwa beseni, na mbwa wote wa soko wakatufuata hadi nyumbani kama tumewaibia. Na kweli tulikuwa tumewaibia.

Mara ya kwanza tulitumia musherekha, yale maji ya majivu tunayotilia mboga. Tukachemsha, tukakoroga, tukangoja. Kilichotoka kilikuwa cheusi, laini, kinateleza kama mlenda. Ukakichota kwa kidole ukakitazama kwenye mwanga. "Hii si sabuni, hii ni mboga." Lakini hukukata tamaa. Ulienda kwenu Matungu kwa shangazi yako aliyekuwa akipika sabuni zamani, ukarudi na kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, ndani ya mkebe na sheria moja ambayo ulinifanya niirudie kama mtoto wa nasari: kostiki ndiyo inaingia kwa maji, maji hayaingii kwa kostiki, yatakurukia usoni.

Shangazi alisahau kukuambia kuhusu sufuria. Au wewe ulisahau kunieleza, haijalishi sasa. Tulichukua sufuria kubwa ya Kukhu Mwanaisha, ile ya alumini aliyoletewa wakati wa arusi yake. Kostiki ilipoingia, sufuria ilianza kutoa povu na moshi, ikawa nyeusi, na tulipoimwaga tuliona mwanga wa jua ukipita chini yake. Kukhu hakunisemesha mpaka mavuno yakaja yakaisha. Na aliponisemesha aliniita Wa Sufuria, na hilo ndilo jina langu kwake hadi leo.

Kisha tukajifunza. Ndoo ya plastiki, mwiko wa mti, dirisha wazi. Mafuta tunayakata vipande vidogo, tunayayeyusha polepole kwa maji na chumvi, tunayachuja kwa kitambaa mpaka yanakuwa meupe. Ulikuwa na subira ya kuyachuja mara tatu ili yasinuke, wakati mimi nilikuwa nimechoka mara ya kwanza. Mchaichai ulikuwa wazo lako pia. Na siku tulipokata mche wa kwanza ulionyooka, ulinishika mkono, na uso wako haukuwa na mzaha. "Mlugari, mimi nakuamini. Lakini mafuta ya nguruwe yakiingia hapa hata tone, mimi natoka, na sabuni inatoka na mimi." Nikacheka. Nikakuuliza nguruwe nitamtoa wapi. Hatukuwahi kuliongea tena, maana hapakuwa na haja. Mafuta yalitoka kwa Hamisi, ng'ombe wa Hamisi huchinjwa kwa bismillahi, na wanawake wa Mumias na wa hapa walinunua bila kuuliza kwa sababu wewe ulikuwa umekaa nyuma ya meza.

Basi ulipoondoka, meza ikabaki na mimi peke yangu.

Miezi michache baada ya arobaini yako, jirani yangu Baba Wekesa alianza kufuga nguruwe. Hakuna ubaya, ni shamba lake. Siku aliyochinja wa kwanza, pampu ya kisima chetu ilikuwa imeharibika, nikaenda kwake kuomba maji. Nikatoka langoni na ndoo iliyofunikwa. Mtu akaniona. Sitamtaja, ameshaniomba msamaha, na wewe ungemjua tu, mdomo wake humtangulia sokoni. Ndoo ya maji iliingia Shianda ikiwa ndoo ya mafuta ya nguruwe.

Nilidhani ni mchezo. Kisha yule mama mwenye hoteli kule Mumias akanirudishia sabuni zote, zimefungwa vizuri, bila neno. Siku ya soko wanawake wenye hijabu walipita mbele ya meza yangu macho yakiwa kwenye nyanya za jirani. Wengine walikuwa marafiki zako. Wengine walikuwa wamelia begani mwangu kwenye matanga yako. Nilirudi nyumbani na sabuni ile ile niliyokwenda nayo.

Wifi yangu Nekesa akaniona. Unamjua, moyo wake ni mzuri lakini hapendi kuzunguka. "Si uwaache," akasema. "Wauzie watu wa kanisa. Tena weka hiyo nguruwe kweli, kwenu Lugari ziko tele, na sabuni yake inakuwanga laini kwa ngozi. Rehema amekufa. Nani atakuuliza?"

Rehema, sitakuficha, hakuwa amesema upuzi. Sabuni ya nguruwe ni laini. Na hakuna mtu angeniuliza. Lakini nilipolisikia neno lile, nani atakuuliza, mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Nikamwambia, "Mimi ndiye nitajiuliza. Kila asubuhi nikishika mwiko." Akanitazama, akainua mabega, akachukua ungo wake akaenda. Na mimi nikajua kwamba nimeshaamua, kilichobaki ni kutafuta njia.

Nilienda kwa Kukhu Mwanaisha. Nilijua kwamba asiponiamini yeye, hataniamini mtu. Nilimkuta kwenye mkeka kibarazani anachambua maharagwe. Hakunikaribisha. Nikavua viatu nikaketi pembeni ya mkeka.

"Kukhu, umesikia maneno ya sokoni?"

"Nimesikia."

"Na umeyaamini?"

Akaendelea kuchambua. Kisha akausukuma ungo kando, akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekosa usingizi kwa muda.

"Wa Sufuria, wewe hukuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyemwosha Rehema, na wanawake wawili wa hapa walinisaidia. Sabuni ya duka haikuwepo nyumbani. Nikaingia chumbani kwake nikachukua mche wenu. Nikamwosha nao mkamwana wangu kutoka kichwani mpaka miguuni, nikamtia kafuri, nikamvika sanda. Nikashukuru kwamba nimemtengeneza vizuri. Sasa watu wananiambia ile ni nguruwe." Sauti yake ikakatika. "Niambie ukweli, mwanangu. Nilimpeleka Rehema akiwa safi, au nilimchafua mimi mwenyewe kwa mikono yangu?"

Nilikuwa nimekuja kutetea meza ya sokoni, kumbe mama huyu alikuwa amebeba kitu kikubwa kuliko soko lote. Nikamuuliza, "Ule mche ulikuwa unanukia nini?"

"Mchaichai."

"Ulikuwa kwenye kitambaa cha maua ya bluu, juu ya kabati?"

"Ndiyo."

"Kukhu, huo tuliupika pamoja kabla sijaenda Lugari. Rehema mwenyewe alienda kwa Hamisi kuchukua mafuta, mimi niliyakuta jikoni kwake yameshakatwa. Alichuja mara tatu kama kawaida yake. Mimi nilikoroga, yeye akamimina, yeye akakata. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Ulimwosha Rehema kwa kazi ya mikono yake mwenyewe."

Kukhu alijifunika uso kwa leso akalia. Mimi pia nililia, ila kilio changu kilikuwa kingine. Nilikuwa nikilia kwa sababu siku ile niliyofika na viatu vya shamba, nikakosa hata kukuona uso, sikujua kwamba kitu nilichokoroga mimi kilikuwa kimeshapita kwenye nywele zako na mabega yako. Kumbe nilikuwa nimefika kabla sijafika. Rehema, tangu siku hiyo lile nililobeba limeshuka. Halijarudi.

Kukhu alipojipangusa alisema, "Mimi nimeamini. Lakini soko haliwezi kuamini kwa sababu Mwanaisha amelia."

"Basi nitapika sokoni," nikamwambia. "Mbele yao, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Na mimi nitakuwepo," akasema. "Lakini usiguse sufuria yangu."

Siku ya soko tulienda kwanza kwa Hamisi, mimi na Kukhu na fimbo yake. Nilimwomba Hamisi akate mafuta nje ya bucha, pale watu wanapopita. Akayakata, akayaweka kwenye beseni, nikajitwika bila kufunika. Tukapita katikati ya soko, polepole, kati ya mafungu ya viazi na mitumba, na Kukhu akiwafukuza mbwa kwa fimbo na kuwajibu watu kabla hawajauliza: "Ni ya ng'ombe. Njoo unuse. Ni ya ng'ombe wa Hamisi."

Niliwasha moto kwenye uwanja ulio wazi. Watu walikuja, kwanza kwa kupita, kisha kwa kusimama. Nilikata, nikayeyusha, nikachuja, na kila hatua niliieleza kwa sauti, kama wewe ulivyonifundisha. Kostiki inaingia kwa maji. Mzee mmoja akauliza kama inaweza kutoboa kiatu, nikamwambia inatoboa hata sufuria ya arusi, na Kukhu alikuwa wa kwanza kucheka.

Adhana ya adhuhuri ilipoita, mafuta yalikuwa yamechujwa yanapoa. Wanawake wenu wakaanza kuondoka kwenda kuswali, na niliona wasiwasi usoni mwao: tukirudi, tutajua nini kimeongezwa? Sikungoja waulize. Nilichukua kigoda changu nikakiweka mbali na sufuria, ng'ambo ya njia, nikaketi, nikaweka mikono juu ya magoti. Nikawaambia wauza nyanya watazame sufuria, na watazame mikono yangu. Sikujikuna hata inzi aliponitulia puani. Waliporudi kutoka msikitini walinikuta vile vile. Wakasogea karibu zaidi kuliko asubuhi.

Halafu sabuni ikagoma. Rehema, ungecheka. Nilichanganya kwenye ndoo ya plastiki, nikakoroga, na haikuwa nzito. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza, mafuta yamepoa kupita kiasi. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Ule uji ulinitazama tu. Kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Inamngoja rafiki yake nguruwe." Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa kweli ilichekesha, lakini sikuacha mwiko. Nilijua kwamba ikikataa pale, nimekwisha.

Nikaiweka ile ndoo ndani ya beseni la maji ya moto, nikaendelea. Na hapo Kukhu Mwanaisha, ambaye hakuwahi kugusa sabuni yetu ikiwa kwenye ndoo tangu tulipomtobolea sufuria, aliweka fimbo yake chini, akajifunga leso kiunoni. "Lete mwiko. Mimi nimesonga obusuma tangu baba yako hajazaliwa." Nikamvalisha glavu zangu. Akakoroga kama anavyosonga ugali, kutoka chini, bila haraka, akiniambia maneno ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu ya kelele. Upesi mwiko ukaanza kuacha njia nyuma yake. Ikawa uji wa mtama. Ikawa nzito. Nikatia mchaichai, tukamimina kwenye fremu, na wanawake wakapiga vigelegele kama arusini. Yule aliyetania nguruwe ndiye aliyeshika fremu upande wa pili isiiname.

Niliiacha ikomae kama inavyotakiwa. Nilipoionja kwa ncha ya ulimi na haikuuma, nikampelekea Kukhu mche wa kwanza. Siku hiyo alifua nguo zake zote za kuswalia, akazianika kwenye ua unaoelekea barabarani, ambapo kila anayeenda msikitini lazima apite.

Wateja wamerudi. Mama wa hoteli ya Mumias alikuja mwenyewe, akanunua, akakaa tukanywa chai. Wawili watatu hawajarudi na sitawafuata. Nimetafuta mahali pa kupikia penye ukuta mfupi, anayetaka kuona anaona. Nekesa naye ananisaidia kukata, na hajataja Lugari tena.

Wako wazima wote. Baba Salim ameanza kucheka kidogo kidogo. Salim amemaliza shule anafanya kazi ya pikipiki Navakholo. Binti yako Zaituni huja kwangu Jumamosi. Harufu ya mafuta haipendi, anafunga pua kwa kitambaa, anasema yeye atakuwa nesi. Sijamlazimisha. Lakini wiki iliyopita niliwasikia yeye na Brian wangu wakibishana, na Zaituni akamwambia kwa ukali, "Maji hayaingii kwa kostiki!" Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka nikatulia.

Jambo la mwisho. Kukhu sasa huja kila nikipika, anakaa kwenye kigoda na kunikosoa. Juzi, tulipokuwa tukipanga miche iliyokomaa, alichagua mmoja kutoka kwa ile aliyoikoroga yeye pale sokoni, akaukagua pande zote, akaufunga ndani ya leso yake. "Huu hauuzwi," akasema. "Siku yangu ikifika, waambie wanioshe nao. Wewe hutaruhusiwa kuingia, najua. Lakini kaa mlangoni, uhakikishe wameutumia." Nikataka kumwambia asiseme hivyo. Kisha nikaona uso wake umetulia kabisa, nikasema, "Nitakaa, Kukhu."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa, na sasa nakupa wewe zako. Mafuta yatatoka kwa Hamisi, na siku Hamisi akifunga bucha nitamtafuta mwingine anayechinja kwa bismillahi, hata kama ni Matungu kwa miguu. Mama mkwe wako hatakuwa peke yake nikiwa hai. Na Zaituni akienda kusomea unesi, ataondoka na sanduku lenye sabuni ya kumtosha.

Pumzika, Rehema wangu. Mulembe, na amani ya Mungu wako na wangu iwe juu yako. Jua linazama upande wa miwa na Kukhu ameanza kuniita kutoka ng'ambo ya ua, anasema sabuni inakuwa ngumu na mimi nimekaa kuandika. Naenda kukata.

Wako,
Mlugari